Homoni ya Ukuaji na Uzee wa Seli: Hotuba ya Mgeni Rasmi

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Ikifika kwenye ini, ini hutoa homoni ya pili, IGF-1, inayoziamuru seli zikue na kugawanyika. Mtoto akiikosa hudumaa. Kwa mtu mzima amri hiyohiyo ina gharama yake.

Kila seli hutumia oksijeni kuunguza chakula, na katika kazi hiyo huzalisha radikali huru, chembe kali zinazoharibu utando, protini na vinasaba. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alidai kwamba uzee ni mrundikano wa madhara hayo. Wengi wakadhani dawa ni vidonge vya kuzima radikali. Haikuwa hivyo: katika utafiti uliotangazwa mwaka 1994, wavuta sigara wa Finland waliopewa beta-karotini, moja ya vidonge hivyo, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Ushahidi wenye uzito zaidi, unaohusisha madhara hayo na homoni ya ukuaji, umetoka kwa panya. Panya wa Ames huzaliwa wakiwa hawana homoni ya ukuaji, wala prolaktini, wala ile inayoichochea tezi ya thairoidi. Ni wadogo mno. Mwaka 1996 watafiti Holly Brown-Borg na Andrzej Bartke walionyesha kuwa madume yao huishi karibu nusu zaidi ya panya wa kawaida, na majike hupita hapo. Panya wa Snell wana upungufu huohuo, na seli za ngozi yao, hata zikioteshwa maabara mbali na mwili, hustahimili hidrojeni peroksaidi na mionzi ya urujuanimno zaidi kuliko seli za panya wengine. Amri ya kukua inapofifia, protini za FOXO huingia ndani ya kiini cha seli na kuamsha jeni za kinga na ukarabati.

Huko Ecuador wako watu wenye ugonjwa wa Laron, ambao miili yao haiitikii homoni ya ukuaji. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta kisukari na saratani ni nadra mno kwao, ingawa hawakuonekana kuishi zaidi ya ndugu zao.

Hata hivyo, sindano za homoni hiyohiyo huuzwa kama dawa ya ujana, ilhali huleta uvimbe, maumivu ya viungo na kupanda kwa sukari. Wahitimu wa udaktari na famasia wanaokabidhiwa vyeti leo wanaombwa wasimpe mzee sindano hiyo bila kipimo kinachothibitisha kuwa ana ugonjwa wa upungufu wa homoni.