Usinunue Gari kwa Macho

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita.)

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo limeliza watu wengi, wasomi kwa wasiosoma: kununua gari la foo wili lililokwisha tumika, kwa fedha kidogo. Wengi wetu tunaoishi mjini tunajikuta katika jukumu hili si kwa ajili yetu, bali kwa kutumwa. Ndugu zetu walioko vijijini huchanga fedha, huuza mifugo, kisha humwambia kijana wao aliyeko Arusha au Dar es Salaam: "Wewe ndiye unayejua mambo ya mjini, tutafutie gari." Hapo ndipo balaa huanza.

Hivi karibuni walinifikia wazee watatu kutoka Enguserosambu, pamoja na kijana wao mfanyakazi wa hapa mjini. Kwa wasiopajua, Enguserosambu ni kata katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, kwenye nyanda za juu karibu na mpaka wa Kenya, penye msitu mkubwa ambao wanavijiji wenyewe wanautunza. Wazee wale walikuwa wameuza ng'ombe. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, tunataka gari ambalo halitatuaibisha."

Nikamwuliza, "Mzee, litabeba nini?"

Akajibu bila kusita, "Litabeba mahindi na dawa za mifugo. Lakini usiku likiitwa, litabeba mama mjamzito mpaka hospitali ya Wasso."

Jibu hilo, ndugu wasikilizaji, lina uzito kuliko vitabu vyote vya magari. Gari la mjini likigoma, mwenyewe hupanda daladala. Gari la Enguserosambu likigoma usiku wa mvua, mama yuko ndani. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "gari gani zuri", bali "gari gani likiharibika huko litatengenezeka huko huko".

Tuiangalie njia yenyewe. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu hadi Loliondo, ile inayopita Engaruka na Ngaresero, inatajwa kuwa na kilomita 213. Kipande cha Wasso hadi Sale, kilomita 49, sasa kina lami, na wenyeji wanashukuru. Lakini sehemu kubwa iliyobaki ni vumbi, mawe na mikunjo inayotetemesha gari kama chekecheke, na unapopandisha ukuta wa Bonde la Ufa gari huhema. Ukitoka Wasso kuelekea vijijini, mvua ikinyesha, ni matope.

Mtakumbuka mwaka 2011, taifa zima lilipomiminika Samunge kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha shilingi 500. Magari ya kila aina yalikwenda, na foleni ikawa ya kilomita nyingi. Ile ilikuwa safari ya mara moja. Mengine yalifika na kurudi, mengine yalikwama njiani. Gari kufika mara moja si ushahidi kwamba linafaa. Linalofaa ni lile linalokwenda na kurudi kila juma, masika na kiangazi, kwa miaka.

Sasa tuje kwenye magari yenyewe. Sina hisa katika kampuni yoyote, nasema ninayoyajua.

La kwanza ni Toyota Land Cruiser ya jamii ya 70, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, haina tabo wala mambo mengi ya umeme. Fundi wa kawaida anaielewa. Ubaya wake ni bei, maana kila mtu anaitaka, hata iliyochoka.

La pili ni Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L au 5L. Haina mbio, na mlimani utavumilia. Lakini inabeba mzigo, na spea zake zimejaa madukani. Kwa mwenye fedha za wastani, mimi hapa ndipo ningeanzia.

La tatu ni Land Rover, ile tunayoiita mia na kumi. Mji wa Arusha unaipenda hata Oktoba 2024 ukaifanyia tamasha la kujaza barabara. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu, lakini chesisi ni ya chuma na inaliwa. Huvuja oili, na zenye injini ya 300Tdi zina mkanda wa ndani ambao lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Ukikatika, injini imekwenda. Ni gari la mtu mwenye fundi wa karibu na mwenye tabia ya kukagua kila siku.

Yako na madogo, kama Suzuki Jimny na Suzuki Escudo za zamani. Yana chesisi ya kweli na gia nzito ya kupandia mlima, hayanywi mafuta mengi, wala hayazami sana kwa kuwa ni mepesi. Lakini jiulize: mgonjwa atalala wapi?

Sasa tahadhari. Si kila gari lililoandikwa foo wili ni la njia ile. RAV4 ni gari zuri la mjini na la murram nzuri, lakini halina ile gia nzito, na limejengwa chini. Prado yenye injini ya 1KZ inapendeza na kuvutia, ila ikichemka mara moja tu, silinda hedi huweza kupasuka. Mwenye Prado asiyetazama maji kila asubuhi anacheza bahati nasibu.

Hapa Arusha kuna biashara nyingine. Makampuni ya utalii huuza magari yao ya zamani, na mengi ni Land Cruiser zilizokatwa na kurefushwa ili kuongeza viti. Yapo mazuri. Lakini gari hilo limetetemeshwa kwenye barabara za Serengeti kwa miaka mingi, na urefu ule ni wa kuungwa. Lala chini, tazama maungio ya chesisi moja baada ya jingine. Ukiona ufa, au rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu, ondoka.

Ndugu wasikilizaji, unapokwenda kukagua gari lolote, nenda asubuhi na mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, jua umefichwa jambo, kwani ugonjwa wa dizeli huonekana inapowaka ikiwa baridi. Ikishawaka tazama moshi. Moshi wa bluu usioisha, injini inakula oili. Moshi mweusi mzito, nozeli au pampu ina matatizo. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto, huenda maji yanaingia mahali yasipotakiwa. Kabla ya hapo, injini ikiwa bado baridi, fungua mfuniko wa rejeta uone kama kuna mafuta juu ya maji, na vuta kijiti cha oili uone kama oili imekuwa na rangi ya maziwa. Ukikuta hayo, rudi nyumbani.

Kisha ingiza foo wili. Usijaribu kwenye lami kavu. Nenda kwenye murram au matope, tafuta mlima. Funga habu za mbele kama ni za mkono, ingiza gia nzito, panda. Gia ikichomoka yenyewe, au difu ikilia, hiyo foo wili ni jina tu. Usizitazame kilomita zilizoandikwa kwenye deshibodi, zinaweza kurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya klachi, kiti cha dereva na usukani. Pedali iliyolika mpaka chuma haiwezi kuwa ya gari la kilomita 60,000.

Baada ya chuma, karatasi. Soma namba ya chesisi na ya injini kwenye gari lenyewe, ulinganishe na kadi. Jina kwenye kadi liwe la yule anayekuuzia, au awe na maandishi halali ya kuuza. Uliza kama gari linadaiwa faini za usalama barabarani. Kisha hakikisha umiliki unahamishwa TRA. Wapo wanaotembea miaka na kadi ya mtu mwingine, siku ya ajali ndipo wanapojua kwamba gari halikuwa lao. Na kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, piga hesabu ya ushuru kabla ya kulipa, maana gari lililozidi miaka kumi hutozwa zaidi kwa uzee wake.

Jambo la mwisho ni fedha yenyewe. Wazee wa Enguserosambu nilipowauliza wametenga kiasi gani, wakanitajia fedha yote ya ng'ombe. Nikawaambia waigawe mafungu manne. Matatu yanunue gari. La nne lisiguswe mpaka gari limepata matairi ya kufaa, springi, shokapu, mikanda, filta na oili mpya, na spea chache za kwenda nazo kijijini. Gari lililotumika halijawahi kununuliwa likiwa tayari kwa safari, hata muuzaji aape vipi. Anayemaliza fedha yote sokoni ananunua mapambo ya uani.

Yule kijana wao hakufurahi. Alikuwa ameshaona Prado moja nyeusi, inang'aa, vioo vya giza, na fedha yote ingetosha bila hata shilingi kubaki. Mzee mkubwa akamtazama, akamwuliza jambo moja tu: "Hilo likiharibika Enguserosambu, nani atalitengeneza?" Kijana hakuwa na jibu.

Wewe nawe uliyetumwa na ndugu zako, kabla hujatoa fedha, jiulize swali hilo hilo. Gari si lako wewe unayelichagua. Ni la yule atakayeamshwa usiku.

Tukijaliwa, tutazungumza tena juma lijalo.