Nafuu Si Kupona: Maneno juu ya Kisukari, kwa Watu wa Gando na Walimu Wao



Mtoto akiwa na kiu isiyokwisha, akakojoa mara nyingi na kukonda, asidhaniwe amerogwa. Na apelekwe Wete siku ile ile, apimwe damu.

Wali na muhogo tulao hugeuka sukari katika damu. Insulini, itokayo katika kongosho, huifungulia sukari hiyo njia, iingie mwilini iwe nguvu. Ikikosekana, mtu huwa kama mwenye ghala iliyojaa mpunga, naye afa njaa kwa kukosa ufunguo.

Mwezi wa Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini, wa kwanza kutibiwa kwayo. Alikuwa karibu na kufa, akaishi hata 1935. Lakini hakupona; aliishi kwa dawa ya kila siku.

Neno hili lishikeni: nafuu si kupona. Mtoto akinenepa, msimwachishe sindano, maana afya ile yatoka katika sindano.

Mwalimu, mtoto huyo akitetemeka na kutoka jasho darasani, sukari imepungua mno: mpe maji ya sukari upesi. Akizimia, usimtie kitu kinywani, mpelekeni hospitali.

Nanyi wazee wenye kisukari, punguzeni wali na chai tamu, mtembee, mtazame nyayo zenu kila jioni. Kidonda kisichouma ndicho kiondoacho mguu.