Lugha ya nyumbani, lugha ya darasani



Twende Al Wukair, kusini mwa Doha, penye shule za kimataifa zinazofundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili akiingia humo, hujifunza mambo mawili kwa mpigo: hesabu, na lugha ya hesabu.

Kwa nini jambo hili likuhusu, msikilizaji? Kwa sababu Kiingereza cha kupigia soga uwanjani huja ndani ya mwaka mmoja au miwili, ila kile cha vitabuni huweza kuchukua miaka 5 hata 7. Mtoto akinyamaza darasani, usidhani ni mzito wa akili.

Kwa upande mmoja, wazazi husema Kiingereza ndiyo ajira. Hawakosei. Kwa upande wa pili, mwaka 2012 Qatar yenyewe ilirudisha Kiarabu katika masomo kadhaa ya chuo kikuu chake. Na nchini Tanzania, waliosoma msingi kwa Kiswahili hukumbana na Kiingereza sekondari, na wengi hubaki kukariri.

Basi tujiulize: lugha ya mama tuiache nje ya mlango wa darasa, au tuifanye ngazi ya kupandia?