Mbele ya kugawa urithi wa miti

(Maneno tuliyoambiana kwenye mukutano wa wanamemba)

Mumeniomba niseme juu ya urithi wa miti, maana familia mingi zimerudi hapa Masisi na kukuta muzee alishakufa, kumebaki mashamba mbili za mikalitusi, na watoto wanaanza kusumbuana.

Wengi wanagawa kwa hekta. Hekta kwako, hekta kwa dada yako, mambo imeisha. Lakini hekta inapima udongo, haipimi miti. Muti wa unene wa santimetri 30 unabeba mbao mara ine ya ule wa santimetri 15, kama urefu ni sawa. Haiko mara mbili!

Basi mukate kamba ya metri 5 na santimetri 64. Mumoja asimame katikati, mwingine azunguke nayo. Ndani ya ile duara kuko metri za mraba 100. Muhesabu miti, na kila muti muupime muzunguko kwenye metri 1.30 toka chini, kwa ile metri ya mushonaji. Mugawe na 3.14, ndiyo unene. Murudilie fasi tano, juu ya kilima na chini, si pembeni ya njia tu. Kwenye muteremuko kamba isilale na kilima, ikamatwe sawasawa.

Tena muangalie njia. Mbao ikibebwa kwa kichwa saa mbili mpaka kwenye gari, faida inaishia kwa wabebaji. Na shamba lililokatwa musilidharau: kisiki cha kalitusi kinaota tena.

Sasa bei. Mutasikia: «Jirani aliuza lake kwa bei hii.» Aliuza lini? Kama ni wakati wa kukimbia, ile ni bei ya woga, musiitie mu hesabu. Na aliuza miti tu, ao na udongo? Mutafute wale waliouza kwa utulivu.

Sheria ya Familia ya 1987 haitenge mutoto mwanamuke. Dada aliyeolewa ako na sehemu yake. Na yule ndugu aliyebaki akilinda miti, mumurudishie gharama yake mbele ya kugawa. Kulinda haimupe shamba zima.

Kamba iliyokwisha kupimwa iko kwa sekretari wetu. Anayeihitaji aiombe, lakini aende kupima pamoja na ndugu zake wote.