Mtoto Aliyekuwa wa Kwanza
Maneno ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa kamati za mitaa na wazazi, Lisekese, Masasi



Tunawashukuru kina mama wa Lisekese kwa mapokezi. Katika ratiba tumepangiwa kutoa taarifa ya utekelezaji wa mradi wa elimu. Taarifa hiyo ipo, imechapwa, na kila mjumbe atapewa nakala yake. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, muda huu tungependa kuutumia kwa jambo ambalo haliingii vizuri katika majedwali. Ni habari ya mtoto aliyeongoza darasa la saba, tukampigia makofi kanisani, halafu baada ya miaka minne matokeo ya kidato cha nne yakatoka na kila mtu akanyamaza.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Kulikuwa na binti mmoja kutoka kijiji cha upande wa Newala, huko juu uwandani. Alikuwa wa kwanza shuleni kwao katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Tulimpiga picha akiwa na mama yake, tukaitoa katika jarida hili, na picha ile ilituletea wachangiaji. Hatuoni haya kusema hivyo, maana fedha zile zilisomesha watoto wengi. Binti alipangiwa shule ya sekondari ya kata, mbali na kwao, akapanga chumba na wenzake wawili. Sisi tulilipa mahitaji ya shule na kodi ya chumba. Tulipokea karatasi za maendeleo yake kila muhula, tukaziweka kwenye jalada. Kusema kweli hatukuzisoma sawasawa, kwa sababu jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya wanaofanya vizuri.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alipata divisheni ya nne, pointi 29. Kanuni ya mfuko wetu wakati ule ilisema kwamba mwanafunzi asiyefikia divisheni ya tatu anasimamishiwa ufadhili. Tukaandika barua ya mistari minne, tukaipiga mhuri, tukaituma kwa mkono wa mwinjilisti.

Karibu mwaka mzima ukapita. Siku moja mama yake akaja ofisini. Alikuwa ameifunga karatasi ya matokeo katika pindo la kanga, imekunjwa mpaka imeanza kuchanika. Hakuja kuomba fedha. Alisema: "Mtumishi, shikamoo. Mimi sikusoma. Naomba mnisomee hii karatasi, mniambie mwanangu amekosa nini, maana yeye hasemi. Kanisani haendi, kisimani anakwenda usiku ili asionwe. Mjomba wake anasema aolewe."

Tukaisoma pamoja naye, somo kwa somo. Kiswahili B. Uraia D. Historia D. Biolojia D. Jiografia, Kiingereza na Hesabu, F. Tulipofika mwisho tukatazamana. Ndugu zangu, mtoto yule alikuwa amefaulu masomo manne. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti cha awali huomba ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na D inahesabiwa kuwa ni ufaulu. Kwa mwaka mzima binti alikaa ndani akijua kwamba amefeli, na karatasi iliyofungua mlango ilikuwa imefungwa katika kanga ya mama yake. Aliyemwambia amefeli ni sisi, kwa barua yenye mhuri.

Tangu siku ile tumejifunza kutolitazama neno "divisheni" peke yake. Wajumbe wengi wanaifahamu hesabu hii, lakini tuirudie kwa faida ya wote. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na pointi zake zinajumlishwa. Mwenye 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Sasa tazameni: mwenye D moja na F sita ana pointi 34, tunamwita sifuri. Mwenye D mbili ana 33, tunamwita daraja la nne. Na daraja la nne lenyewe ni pana mno. Ndani yake yumo mwenye D mbili tu, na yumo mwenye C tatu anayeweza kuomba kidato cha tano. Wote tunawaita kwa jina moja, na kijijini jina hilo ni "kafeli".

Wako watakaosema kwamba mtihani ni mtihani, ukianguka umeanguka. Tunawaomba wakumbuke mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na watahiniwa 240,903 walipata sifuri, yaani sita katika kila kumi. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Mizengo Pinda, akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Ikaonekana, pamoja na mengine, kwamba mwaka ule utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Serikali ikayafuta matokeo, na mwezi Mei yakatoka mapya yaliyopangwa kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Sifuri zikawa 210,846. Watoto wapatao 30,000 walitoka katika sifuri kwa karatasi zile zile na majibu yale yale waliyoandika Oktoba. Kwa miezi mitatu walikuwa wameshaitwa wajinga majumbani mwao. Hatusemi kwamba alama hazina maana, wala hatusemi kila anayeanguka ameonewa, maana hata baada ya marekebisho zaidi ya laki mbili walibaki na sifuri. Tunachosema ni kwamba akili ya mtoto haikubadilika kati ya Februari na Mei.

Haibadiliki pia kati ya darasa la saba na kidato cha nne. Kinachobadilika ni mazingira, na hapa wazazi tunatakiwa tuelewe vizuri. Shule ya msingi ya serikali mtoto anasoma kwa Kiswahili, na mtihani wa mwisho sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu. Akivuka kizingiti cha sekondari, karibu kila somo isipokuwa Kiswahili linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na anatakiwa aandike maelezo marefu. Mtoto aliyejua usanisinuru, na aliyeweza kuwaeleza jinsi jani la mkorosho linavyojitengenezea chakula, anakutana na jambo hilo hilo kwa lugha asiyoijua, na anahesabiwa halijui. Binti tunayemsimulia alipata B katika somo pekee alilotahiniwa kwa lugha yake. Tulipoliona hilo kwenye karatasi, tulijiuliza ni mtahiniwa wa Historia au wa Kiingereza aliyepewa ile D.

Hesabu tusiiseme sana, kwani kila mwaka nchini wanaoanguka Hesabu ni wengi kuliko wanaofaulu. Lakini chumba cha kupanga lazima tukiseme. Mtoto wa miaka 14 anaishi geto na wenzake, anajipikia, anatafuta maji, na unga ukiisha Jumatano anasubiri mpaka Jumamosi arudi nyumbani. Fedha zenyewe zinategemea korosho. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wengi yakachelewa, mnakumbuka wenyewe ni watoto wangapi walikaa bila kodi ya chumba. Mtihani wa kidato cha nne kwa kawaida unakuja Novemba, wakati minada ya korosho ikiendelea na kila mkono unahitajika shambani. Kuna nyumba ambazo mtahiniwa alikuwa anaokota korosho asubuhi ya siku mbili kabla ya Hesabu. Tunazijua, na baadhi zina wajumbe humu ndani.

Na lipo hili la sifa. Mtoto wa kawaida akianguka, anaumia. Mtoto aliyekuwa wa kwanza akianguka, anaumia na anaona haya, kwa sababu tangu utotoni jina lake limekuwa ni alama zake. Hana mazoezi ya kukosa. Wengi wao huanza kuzama kidato cha kwanza au cha pili na hawasemi, wakidhani wao peke yao ndio hawaelewi. Na sisi tuliokuwa na picha yake ukutani ofisini tulikuwa watu wa mwisho ambao angewaambia. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Wapo waliolalamika. Ofisi yetu iliona ni sawa, na tangu hapo hatusomi tena majina ya walioongoza mbele ya ibada.

Sasa wazazi, siku matokeo yakitoka. Siku hiyo msimwulize mtoto swali. Apewe chakula kama siku zote, na awepo mtu karibu naye usiku. Matusi ya siku ile hayasahauliki, na maneno kama "fedha zangu zimepotea" mtoto huyabeba miaka. Akiwa hali, halali, au anasema ni afadhali asingekuwepo, usimwache peke yake wala usiseme ni deko. Mpeleke Mkomaindo au hospitali iliyo karibu, na umwite mchungaji aje kukaa naye. Aje kusikiliza, si kuhubiri; wachungaji wetu mtatusamehe.

Baada ya siku kadhaa, kaeni naye na karatasi yenyewe mezani. Mjomba awepo. Tunajua katika mila zetu za huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, neno la mjomba ni zito kuliko barua yoyote ya ofisi, na tumeona mabinti waliookolewa na mjomba mmoja aliyesema "asubiri kwanza". Lakini msikawie sana. Anayetaka kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea anatakiwa ajisajili miezi ya mwanzo wa mwaka. Anayejificha kwa aibu mpaka Aprili amepoteza mwaka mwingine juu ya ule uliopotea. Na si lazima arudie yote. Mwenye C mbili anahitaji moja tu. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hapa Masasi, kuna ufundi, kuna vyuo vya cheti. Mtoto mwenyewe aseme anataka lipi, hata kama jibu lake la kwanza ni "sijui".

Ndugu wachangiaji, kwenu tuna ombi. Kamati ya mfuko imeifuta kanuni ya divisheni ya tatu. Badala yake, kila mwanafunzi wetu anayemaliza kidato cha nne, awe amepata nini, atatembelewa nyumbani ndani ya wiki tatu na mjumbe mmoja wa kamati ya mtaa anayejua kuisoma karatasi ile, na atabaki kwenye mfuko kwa mwaka mmoja zaidi wakati njia nyingine inatafutwa. Hii ina maana kwamba kwa fedha zile zile tutapokea wanafunzi wapya wachache kidato cha kwanza. Tumelijadili kwa uchungu na hatukukubaliana wote. Mnayo haki ya kutuuliza, na wale watakaoona heri kuwasaidia wanaofaulu tu watueleze, tutawajibu kwa barua.

Binti yule aliingia chuo mwaka uliofuata, akasoma ngazi ya cheti, sasa yuko kazini na anamsomesha mdogo wake. Tulimwandalia nafasi azungumze nanyi leo, akashukuru na kusema ana zamu. Tukamwomba picha ya jarida. Akacheka, akasema ile ya zamani inatosha.