Sigara Moja Moja za Machimboni



Juma lililopita nilikwenda Nyarugusu, mkoani Geita, kumjulia hali mjomba wangu. Nilimkuta kwenye kigoda nje ya nyumba, miguu imevimba hadi ndala hazimwingii.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Karibu." Katikati ya maneno hayo matatu alipumzika.

Huyu ni mtu ambaye miaka ya 1990 alishuka duarani alfajiri na kupanda jioni na kiroba cha mawe begani, sigara ikiwa sikioni. Alianza kuvuta akiwa na miaka 17. Leo ana 58.

Majirani wanasema ni vumbi. Wengine wananong'ona kwamba amerogwa. Vumbi la mawe huharibu mapafu kweli, sikatai. Lakini daktari aliyempima Mwanza alikuta tatizo liko moyoni. Mshipa mmoja unaoulisha moyo uliziba miaka minne iliyopita, yale maumivu ya kifua aliyoyadhani ni vidonda vya tumbo, na sehemu ya msuli wa moyo ikafa. Kilichobaki hakina nguvu ya kusukuma damu ipasavyo, ndiyo maana maji yanajaa miguuni.

Tukisikia sigara tunafikiria mapafu, moyo tunausahau. Nikotini huufanya moyo upige haraka na kubana mishipa, shinikizo la damu likapanda. Moshi nao una kaboni monoksidi, hewa ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi moyo, unaopiga kama mara 100,000 kwa siku, unaongezewa kazi huku unapunguziwa hewa. Kuta za mishipa huumia, mafuta hujijenga humo, na damu huwa rahisi kuganda. Siku donge likinasa penye njia nyembamba, mtu anaanguka.

Machimboni sigara huuzwa moja moja, na wengi hujifariji: "Mimi navuta moja tu, nikitoka nakunywa maziwa." Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayafiki kwenye mishipa kuisugua. Na hiyo moja si ndogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kuwa anayevuta moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo aliyo nayo mvutaji wa sigara 20.

Mshipa ulioziba huweza kufunguliwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hufanya kazi hiyo, lakini iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Nyarugusu, na msuli uliokwisha kufa haufufuki.

Kusema haya si rahisi kwangu. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye tumbaku ya Kahama, na wako wakulima wa Ushetu ambao hadi leo hawana zao jingine la kuwapa fedha za mkupuo. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18. Mimi nilimwona kijana asiyefika 14 akinunua mbili kwenye meza ya barabarani, akapewa na njiti ya kiberiti.

Nilimweleza mjomba habari za madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1951 hadi 2001. Walioendelea kuvuta walikufa kama miaka 10 mapema. Walioacha wakiwa na miaka 50 walirudishiwa kama sita, na wa 60 kama mitatu.

"Mitatu," akasema. "Ni mavuno matatu hayo."

Akamwita mjukuu wake, akampa kipande kilichokuwa sikioni akakitupe chooni. Nilipoondoka kesho yake asubuhi alikuwa hajavuta. Mkewe alikuwa ameficha kiberiti kwenye debe la mahindi, naye mzee alikuwa anakitafuta.