Mizani ya Shule na Insafu kwa Watoto Wetu

(Hotuba iliyotolewa mjini Newala mbele ya wazazi na walimu wa Masasi na Newala)



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazazi wangu waheshimiwa, walimu wenzangu mliopanda kutoka Masasi, nanyi wenyeji wetu wa Newala: nimetakiwa nizungumzie swali mnaloulizana kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nalo ni shule ipi iliyo bora. Naomba tulitangulizie swali jingine: ubora huo umepimwa kwa mizani gani?

Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza shule kumi bora na kumi za mwisho. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya mtihani wa 2022, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, kwa hoja kwamba si sawa kuwalinganisha watahiniwa waliosoma katika mazingira yasiyofanana. Wako walioshukuru, na wako waliosema kuwa mzazi amenyang'anywa taa. Kila upande una sehemu ya haki.

Wanazuoni wa usuli wametufundisha kwamba kiyasi hakisihi mpaka vitu viwili vishirikiane katika illa, yaani sababu ya hukumu. Anayelinganisha vitu vilivyotofautiana katika msingi wake amefanya kile wanachokiita qiyas ma'al-fariq, na hukumu yake ni batili. Sasa tazameni. Shule maalumu za serikali kama Kibaha, Ilboru na Mzumbe huchukua vijana waliofaulu vizuri zaidi darasa la saba. Shule nyingi za binafsi huwachuja watoto kwa mtihani wa kujiunga. Shule ya kata haina chujio la namna hiyo. Mtoto wetu wa huku juu huamka na ndoo kabla ya kushika daftari, na mtihani wake humkuta Novemba, msimu wa korosho, nyumba nzima ikiwa shambani. Ukiwapanga hawa katika safu moja kwa alama tupu, umepima nani aliingia getini. Hujapima shule ilifanya nini baada ya hapo.

Na hata alama zenyewe si jiwe lisilosogea. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 240,903 walionekana wamepata sifuri. Serikali ikayafuta, yakapangwa upya kwa utaratibu mwingine mwaka huohuo, na maelfu wakatoka katika sifuri. Majibu waliyoandika yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kipimo.

Natoa mfano wa hesabu. Wanafunzi 120 wameanza kidato cha kwanza. Waliofika kwenye mtihani ni 80, na waliofaulu ni 60. Shule itatangaza ufaulu wa asilimia 75, na kwa hesabu ya watahiniwa haikusema uongo. Lakini kwa hesabu ya watoto tuliowakabidhi, ni asilimia 50. Wale 40 hawamo katika karatasi yoyote.

Jambo hili si dhana. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilianza kupangwa kwa nafasi zao ndani ya wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza athari zake, wakakuta mambo mawili. Shule zilizokuwa mkiani ziliongeza ufaulu, na hiyo ni kheri tusiikanushe. Lakini shule hizohizo zilipunguza pia idadi ya wanafunzi wa darasa la saba, kwa kuwaondoa wale waliotazamiwa kushindwa.

Mzee mmoja alinijia akiwa na huzuni. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, aliambiwa amhamishe binti yake kabla ya usajili wa kidato cha nne, kwani angeshusha wastani. Akaniuliza, "Ustadhi, mtoto wangu ni mwanafunzi au ni doa?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, ninyi mnaijua kangomba. Mnajua uchungu wa mkulima aliyehangaika na mikorosho mwaka mzima, kisha mazao yake yakapimwa kwa kipimo cha kumnyonya. Allah ameteremsha sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Basi ikiwa kupunja nafaka ni dhambi ya kuonywa hivyo, kumpunja mtoto kutakuwaje?

Nasi wa madrasa tusijione tumesalimika. Nami ninaanza na nafsi yangu. Niliwahi kuwapeleka kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'an wanafunzi watatu hodari, nikamwacha mtoto aliyeuanza mwaka hajui alifu na akaumaliza amehifadhi nusu ya Juzuu Amma. Hakuna aliyekwenda mbali kama yeye. Tulirudi na zawadi ya saa ya ukutani, na mpaka leo inatembea darasani. Yule mtoto hakurudi.

Basi tufanye nini? Kukosekana kwa orodha ya kumi bora kusiwe mto wa kulalia. Baraza bado huweka hadharani matokeo ya kila shule. Twendeni kwenye mikutano ya wazazi na maswali manne. Walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofika mtihanini ni wangapi? Waliopungua wamekwenda wapi? Kundi hilihili lilikuwa na hali gani katika upimaji wa kidato cha pili, na limesogea kiasi gani? Walimu wa hisabati na sayansi wapo wangapi? Nasi tujiulize la tano: Novemba hii, mtoto wangu wa kidato cha nne atakuwa mezani au chini ya mikorosho?

Shule iliyompokea mtoto dhaifu ikamfikisha daraja la tatu huenda imefanya kazi kubwa kuliko iliyompokea hodari ikamrudisha hodari. Tuipe haki yake. Na shule inayojificha nyuma ya umasikini wetu ili isifundishe, nayo tusiionee haya.

Namwomba Allah atujaalie kuwa waadilifu katika kila tunachokipima. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.